Tundu la Juu

Kabla sijaanza mazungumzo ya leo nakuomba uitazame soketi iliyo karibu nawe. Ina matundu matatu. Mawili ya chini yamelala, moja la juu limesimama na ni kubwa kidogo. Kazi ya yale ya chini inajulikana: umeme unatokea huku na kurudia kule. Lile la juu je?

Ukiuliza swali hilo saluni au gereji, jibu utakalopewa mara nyingi ni la vitendo. Mtu atachukua kalamu, aichomeke kwenye tundu la juu, ashindilie plagi ya pini mbili kwenye matundu ya chini, kisha achomoe kalamu yake na kuendelea kuandika. Na kweli, ndani ya soketi mna vibao vya plastiki vinavyoziba matundu ya chini ili mtoto asichomeke msumari, na pini ya juu ya plagi, ambayo ni ndefu kuliko wenzake, ndiyo inayovifungua. Lakini hiyo ni kazi yake ya pembeni. Kazi yake hasa ni kumlinda aliyeshika mashine, na ndiyo hiyo tunayoikwepa kwa kalamu.

Chukua friji ya soda. Kuna maduka, nawe unayajua, ambako mkono wa friji umefungwa kitambaa. Mteja mgeni anadhani ni usafi. Mwenyeji anajua kwamba friji hiyo inapiga. Ukiifungua kwa mkono mtupu, hasa siku ya mvua na kandambili zimelowa, inakurusha. Mwenye duka naye analijua hilo, na dawa aliyoipata ni hicho kitambaa. Ndani ya friji kinachotokea ni hiki: waya wenye moto, ule mafundi wanaouita laivu, umechubuka ganda, au mota imeingia unyevu, na umeme umeanza kuvujia kwenye bati. Kama plagi ingekuwa ya pini tatu, na pini ya juu ikaungwa na waya wa ethi, na waya huo ukafika hadi kwenye chuma kilichochimbiwa ardhini nje ya jengo, umeme huo ungekimbilia ardhini, swichi iliyofungwa sawasawa ingekata, friji ingezima, na fundi angeitwa. Njia hiyo haipo. Umeme unabaki kwenye bati ukimngoja mtu wa kuupitisha, na kitambaa kikishalowa, mtu huyo ni mteja aliyekuja kununua maji.

Ninachotaka tukizungumze leo ni vifaa hivi vyenye plagi, vile vinavyohama kutoka mkono hadi mkono na soketi hadi soketi, katika sehemu zetu za kazi hapa Nachingwea na Ruangwa. Ukitaka kuunganishiwa umeme kwenye jengo, fundi mwenye leseni ya EWURA anafunga waya, TANESCO wanakuja kutazama, mita ya LUKU inawekwa. Kwa umeme uliotulia ukutani, basi, kuna macho mawili matatu yaliyoupitia angalau mara moja. Umeme unaoanzia kwenye plagi kuja mkononi mwako haupitiwi na jicho la mtu. Grenda, drili, mashine ya kunyolea, pasi ya fundi cherehani, jagi la kuchemshia maji ofisi ya kata, chaja ya mizani ya ghala, na ile ekstensheni iliyopita chini ya zulia la ofisi tangu mwaka juzi: nani alivipima mara ya mwisho? Alipima nini?

Nchi nyingine kupima vifaa hivyo ni kazi inayojitegemea, ina mashine zake na mafundi wake. Hapa kwetu wanaoifahamu ni waliopita migodini na kwenye miradi mikubwa. Waliobaki tunapima kwa kuguswa. Kijana anamwambia mwenye karakana, "Bosi, hii grenda inauma." Bosi anajibu, "Vaa viatu, itaacha." Upimaji umeisha hapo.

Tuseme kidogo juu ya mwili, maana watu wengi wanaamini kwamba shoti ni suala la kustahimili, kwamba fundi mzoefu haumii. Umeme wa majumbani na maofisini kwetu ni volti 230. Miaka ya 1940 profesa wa Chuo Kikuu cha California, Charles Dalziel, alianza kuwapima watu waliojitolea ili ajue ni umeme kiasi gani unaomfanya mtu ashindwe kuachia alichoshika. Kwa wanaume wastani ulikuwa miliampea 16, kwa wanawake miliampea 10 na nusu. Ukizidi hapo, misuli ya kiganja inajikaza yenyewe, na mashine iliyokushika huwezi kuitupa hata ukitaka. Ukifika miliampea 30 na ukaendelea, kifua kinakaza, na kutoka hapo kwenda juu moyo unaweza kupoteza mapigo yake. Uzoefu hauingii humo. Moyo wa fundi wa miaka thelathini na moyo wa mwanafunzi wake ni nyama ileile.

Sasa itazame fyuzi ya plagi. Imeandikwa 13. Hizo ni ampea, yaani miliampea 13,000, zaidi ya mara 400 ya zile 30. Fyuzi hiyo haikuwekwa kwa ajili yako. Imewekwa kwa ajili ya waya, usipate moto na kuunguza jengo. Mtu anaweza kufa ameshika grenda na fyuzi ikabaki nzima kabisa, na baadaye fundi akaichomoa, akaitazama kwenye mwanga na kusema haina tatizo. Kinachomlinda mtu ni ethi nzuri pamoja na kile kifaa cha kukata umeme unaovuja, ambacho Dalziel huyohuyo alikuja kukibuni mwaka 1961. Mafundi wetu wanakiita RCD, wengine ELCB. Kile cha kumlinda mtu kinakata umeme ukivuja miliampea 30, tena ndani ya muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Kina kitufe kidogo kilichoandikwa T. Ukikibonyeza, umeme ukatike. Kama haukatiki, kifaa hicho ni pambo. Hicho ni kipimo cha kwanza ambacho hata karani wa ofisi anaweza kukifanya bila bisibisi.

Na udongo wetu nao una neno lake hapa. Wengi tunaridhika tukiona chuma kimechimbiwa pembeni ya nyumba na waya umefungwa juu yake. Lakini ardhi yenye mchanga, ikikauka kuanzia Julai hadi Oktoba, inaupitisha umeme kwa shida. Tuchukue mfano wa hesabu: chuma chako kina ukinzani wa omu 50 na ardhi. Gawanya volti 230 kwa 50, unapata ampea 4.6. Fyuzi ya 13 hata haitashtuka, na bati la mashine litaendelea kuwa na moto huku kila mtu akiamini kuna ethi. Ndiyo sababu fundi anayejua kazi hamalizi kwa kuchimbia chuma. Anapima ethi kwa mita yake, na pale ardhi inapokuwa mbaya anaongeza chuma cha pili au anakipeleka chini zaidi, halafu anafunga RCD. Anayekuambia "ethi ipo, si unaona waya ule?" hajapima kitu.

Nitarudi kwenye kupima. Kwanza chukua bisibisi, tufungue plagi pamoja. Ichomoe kwanza ukutani, tafadhali. Plagi ya pini tatu ina skrubu moja kubwa. Ukiifungua utaona waya tatu. Wa kahawia ni laivu na unaingia upande wa fyuzi. Wa bluu ni nyutro. Wa kijani chenye mstari wa njano ni ethi na unapanda kwenye pini ya juu. Kwa mashine za zamani utakuta nyekundu, nyeusi na kijani kitupu, na hapo ndipo wengi wanapochanganya, maana fundi aliyezoea rangi mpya akikutana na nyeusi hana uhakika ni waya gani. Waya wa ethi unatakiwa uachwe mrefu kidogo kuliko wenzake. Sababu yake ni ya busara sana: mtu akijikwaa na kuuvuta waya, laivu ing'oke kwanza, ethi iwe ya mwisho. Halafu tazama mahali waya mnene unapoingilia kwenye plagi. Pana kibano chenye skrubu mbili ndogo. Hicho kinatakiwa kibane ganda la nje la waya, lile nene. Katika plagi nyingi za bei nafuu utakuta kibano kimelegea au hakipo, na zile waya tatu nyembamba ndizo zinazobeba uzito wote kila mashine inapoburutwa.

Mwisho tazama fyuzi yenyewe. Wapo waliokuta kipande cha karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara kimeviringishwa mahali pake. Wapo waliokuta msumari. Na hata fyuzi halali inaweza kuwa si yake: pasi na jagi zinahitaji 13, lakini taa ya mezani, feni, au chochote cha chini ya wati 700 hivi kinatoshwa na fyuzi ya 3.

Ukaguzi huu wa macho, plagi, waya na bodi ya mashine, ndio unaokamata kasoro nyingi kuliko mashine yoyote ya kupimia. Haya si maneno yangu peke yangu. Uingereza wana kanuni za umeme kazini za 1989, na kwa miaka mingi waajiri wa huko waliaminishwa kwamba lazima kila kifaa kipimwe kila mwaka na kubandikwa kibandiko. Biashara ya vibandiko ikastawi, mtu anapita ofisini na kubandika hadi kwenye taa ya mezani isiyohamishwa tangu iliponunuliwa. Mamlaka yao ya usalama kazini imelazimika kueleza wazi kwamba sheria haisemi kila mwaka; inasema kifaa kiwe salama, na muda wa kukagua utegemee kifaa na mahali kinapotumika. Kompyuta ya ofisini inaweza kukaa muda mrefu. Grenda ya eneo la ujenzi haiwezi.

Australia na New Zealand kwenye maeneo ya ujenzi wana mtindo mwingine ambao mimi naupenda zaidi: kifaa kinapimwa kila baada ya miezi mitatu na kufungwa lebo ya rangi ya msimu huo. Nyekundu, kijani, bluu, njano, kisha unaanza tena. Msimamizi anasimama mbali, anaona lebo ya bluu wakati wengine wote wana ya njano, anajua grenda ile haitakiwi kuwa pale. Na Ruangwa mtindo huo si wa kufikirika, kwa sababu kampuni zilizokuja kutafuta madini ya kinywe Matambarale, Chilalo na Nachu zina asili ya huko huko Australia. Kijana wa Ruangwa akiajiriwa kwenye mradi wa namna hiyo anajifunza lebo za rangi. Mkataba ukiisha, anarudi mtaani kushika grenda ya pini mbili na kalamu.

Nimetaja kinywe, na hapo pana jambo linalotuhusu sisi kuliko watu wengine. Vumbi la kawaida likiingia kwenye mashine linaziba njia za hewa na mota inapata joto. Vumbi la kinywe linafanya zaidi ya hilo, kwa sababu kinywe kinapitisha umeme. Vumbi lake likitanda ndani ya drili au ndani ya soketi, linajenga daraja jembamba kati ya laivu na chuma cha nje. Mashine yenye ile alama ya mraba ndani ya mraba, inayoonyesha kwamba imehamiwa mara mbili na haihitaji ethi, inaacha kuwa salama kama ilivyotoka kiwandani. Anayefanya kazi karibu na kinywe, hata kama ni fundi wa nje aliyeitwa kutengeneza uzio, asafishe vifaa vyake na avipime mara nyingi kuliko fundi wa Lindi mjini.

Nachingwea, kwenye maghala ya korosho, kuna vumbi la namna nyingine. Salfa tunayopulizia mikorosho dhidi ya ubwiriunga inahifadhiwa wakati mwingine jengo moja na mizani, mezani kwa karani, chini ya soketi. Salfa inaila shaba. Ncha za waya zinageuka nyeusi, muungano unalegea, unapata joto. Na unga wa salfa ukitanda hewani, cheche moja ya swichi inatosha kuuwasha. Halafu msimu wenyewe wa kununua korosho, Oktoba kwenda Desemba, unakutana na mvua za kwanza. Mlango wa ghala uko wazi, wabeba mizigo wanaingia na jasho na matope, ekstensheni imelazwa sakafuni kutoka ofisini hadi kwenye mizani, na magunia yanaburutwa juu yake. Kwenye mnada watu wote wana macho ya bei. Ekstensheni haitazamwi na mtu.

Ekstensheni, kwa maoni yangu, ndiyo inayostahili kupimwa kabla ya kingine chochote. Ndiyo inayokanyagwa, ndiyo inayoviringishwa ikiwa na moto, ndiyo inayounganishwa na nyingine mpaka zinakuwa tatu. Na kuna ekstensheni zinazouzwa zikiwa na matundu matatu mazuri upande mmoja lakini ndani zina waya mbili tu. Pini ya juu ipo, inang'aa, haijaunganishwa na kitu. Mashine nzuri yenye ethi yake, ukiichomeka humo, inakuwa sawa na isiyo na ethi. Shirika la Viwango, TBS, lipo na alama yake ipo, lakini sokoni mtu anaangalia bei na urefu wa waya.

Sasa tupime. Wengi wana ile bisibisi yenye taa, testa. Testa inakuambia kama pana laivu. Haikuambii kama ethi ni nzima, na haikuambii kama nyutro imekatika. Jambo hili la pili linaua. Mashine ikikatika nyutro inazima kabisa, na mtu anasema imekufa, anaifungua. Laivu bado iko ndani inamngoja. Mashine iliyozima yenyewe ichomolewe ukutani kwanza, kisha iguswe.

Wenye mita ya fundi wanaweza kupima kama waya wa ethi unafika kutoka pini ya juu hadi kwenye chuma cha mashine. Ni vizuri, lakini mita hiyo inapitisha umeme kidogo mno. Waya wa ethi uliobakia uzi mmoja wa shaba, nyingine zote zimekatika, utaipita mita hiyo vizuri tu, halafu siku ya hatari uzi huo utaungua mara moja. Mashine maalumu ya kupimia vifaa hivi inapitisha umeme mwingi zaidi kwenye ethi, hadi ampea 25 kwa baadhi yake, na inataka ukinzani uwe wa sehemu ya kumi ya omu hivi, ukiongeza kidogo kwa urefu wa waya. Kisha inapima uhami kwa volti 500: kifaa chenye ethi kifikishe angalau megaomu 1, chenye kuhamiwa mara mbili megaomu 2. Fundi mwenye mega, yaani mita ya kupimia uhami, anaweza kufanya sehemu hiyo ya pili hata bila mashine maalumu. Kompyuta na vifaa vya elektroniki vina namna yao, visipigwe volti 500 ovyo.

Zile mashine za kuchomelea zinazosukwa na mafundi wetu wenyewe, zenye bati la pipa kwa nje au zisizo na bati kabisa, ningependa kuzitetea, maana zimejenga mageti na madirisha ya nusu ya wilaya hizi mbili. Ila nyingi hazina mahali pa kufunga ethi, na nyingine zinachukua umeme kwa kulabu bila plagi. Fundi aliyeweza kuisuka koili anaweza kabisa kutoboa tundu la boliti, akafunga waya wa ethi, akaweka kifuniko na plagi ya saizi yake. Ni kazi ya asubuhi moja.

Umeme wetu nao una tabia zake. Kwa miaka mingi Lindi na Mtwara tulitegemea umeme wa gesi ya Mnazi Bay, nje ya Gridi ya Taifa, na kukatika kwake sote tunakujua. Ukikatika, fundi anaiweka grenda chini swichi ikiwa bado imewashwa na kwenda kupiga soga. Ukirudi, grenda inaruka yenyewe juu ya benchi. Katika karakana ambayo umeme hukatika, swichi inayojifunga ikiwa imewashwa ni kasoro, na kuchomoa plagi umeme unapokatika ni sehemu ya kazi.

Nchi hii ina sheria. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ni namba 5 ya mwaka 2003, na wakala unaoisimamia, OSHA, una ofisi ya kanda Mtwara. Sheria hiyo inamtaka mwajiri ahakikishe vifaa anavyowapa watu ni salama, na inamtaka mfanyakazi naye atoe taarifa akiona hatari. Upo pia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi uliotokana na sheria ya 2008. Lakini mkaguzi wa Mtwara hawezi kufika kila saluni ya Kilimanihewa na kila karakana ya Ruangwa mjini, na hata akifika ataona siku moja. Kazi imebaki kwa mwenye eneo.

Na mwenye eneo ana mlango wa kutokea. "Grenda si yangu, ni ya kwake." Tunaazimana sana vifaa, na kuazimana kumetusaidia maskini kufanya kazi za watu wenye mitaji. Lakini kijana akija na drili yake kwenye jengo lako, kwa kazi yako, kwa malipo yako, umeme ni wako. Ukimruhusu kuichomeka umeikubali. Hata kibarua wa siku mbili ni mtu wako siku hizo mbili. Wakati wa msiba utasikia "ajali haina kinga," na wazee watatikisa vichwa, na ekstensheni itaviringishwa iwekwe stoo hadi kazi nyingine. Usemi huo una mahali pake. Ukutani penye kalamu ndani ya tundu la juu si mahali pake.

Kutojali matunzo hakukuanza leo: Nachingwea ina historia ya mashine nyingi na matunzo machache. Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi wa karanga kwa matrekta ambayo mengi yalikuwa mabaki ya vita, na reli ikajengwa kutoka Mtwara kuja hapa. Mwaka 1951 mradi ulikuwa umekwisha, reli ikang'olewa miaka ya 1960, na tumebaki na kata inayoitwa Stesheni.

Matunzo yanaanza na kupima. Mashine maalumu ya kupimia ni ghali kwa kinyozi mmoja, na sitamwambia ainunue. Chama kikuu cha ushirika kinachotuunganisha sisi na Liwale, RUNALI, kina vyama vya msingi na maghala yenye mizani na waya katika wilaya tatu. Halmashauri zetu zina shule, zahanati na ofisi za kata. Mashine moja kwa wilaya, fundi mmoja mwenye leseni, ratiba moja: Septemba maghala yote kabla ya korosho, Januari shule na zahanati kabla mvua hazijakolea, na siku ya gulio anakaa mahali panapojulikana, mwenye grenda aje nayo alipe kidogo. VETA wanafundisha umeme. Wanafunzi wao wapate mazoezi humo. Sitaki vibandiko vya mapambo. Nataka kaunta buku, mistari minne tu: kifaa gani, kina kasoro gani, nani alikitengeneza, lini. Kilichoshindwa kikatwe plagi hapohapo, maana kifaa kibovu chenye plagi kitarudi kazini kabla jua halijazama.

Kwenu nyumbani na kazini, kabla ya fundi huyo kupatikana, kipo kinachowezekana kesho asubuhi. Mwenye duka lile la friji yenye kitambaa, ichomoe, mwite fundi, na soda ziuzwe za moto siku mbili. Mwenye saluni, badili plagi ya pini mbili au tafuta adapta yenye viwango, kalamu ibaki ya kuandikia. Na kila mtu kazini ajue swichi kuu iko wapi, isiwe nyuma ya magunia. Mwenzako akishikwa na umeme usimkamate. Kata swichi kuu kwanza. Ukishindwa kuifikia, msukume kwa mti mkavu ukiwa umesimama juu ya kitu kikavu. Kama hapumui, anza kumkandamiza kifua katikati, kwa nguvu na haraka, usiache mpaka msaada ufike. Zimamoto na uokoaji ni 114.

Wiki ijayo, majaliwa yakiwepo, tutazungumza juu ya vijenereta vidogo na wapi pa kuviweka, maana nako kuna moshi.